Barua ya wazi: Andikeni historia yote ya Forodha Kongwe ya Mizingani

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya majengo ya serikali na uhifadhi wa Mji Mkongwe,
Unguja, Zanzibar.

YAH: HISTORIA NA HATIMA YA JENGO LA FORODHA KONGWE, MIZINGANI

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na salamu za heshima kwa kila mmoja wenu kwa imani yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Malindi, umri wangu miaka 74. Nimesomesha historia katika skuli za Unguja kwa miaka 33. Nililelewa kwamba neno la mkubwa hupelekwa mlangoni kwake, halitangazwi barazani. Mlangoni nimekwenda. Nimeandika barua tatu, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninazo. Nimekwenda ofisini mara saba. Mara ya kwanza niliambiwa faili liko juu. Mara ya nne niliambiwa limeshuka lakini aliyelishusha yuko likizo. Mara ya saba kijana wa mapokezi, aliyenipa kiti na maji kwa adabu njema, aliniuliza: "Mwalimu, kwani lile jengo lina historia gani? Si pale pa kujifunza muziki?"

Simlaumu kijana yule hata chembe. Amesoma skuli zetu, amefaulu, ameajiriwa, na hakuna aliyemwambia. Swali lake ndilo lililonikalisha chini niandike barua hii ya nne, na safari hii naiweka hadharani. Yanayonikera nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Jengo linapitwa kwa sentensi moja.

Ukitoka Forodhani ukishika njia ya Mizingani, bahari ikiwa kushoto kwako, unalipita Beit al-Ajaib, unaipita Kasri ambayo sasa ni makumbusho, kisha unafika kwenye jengo kubwa jeupe ambalo uso wake hauna mbwembwe. Halina mnara wala roshani ya kujionesha kama majirani zake. Lina mlango. Sogeeni karibu na mlango ule, Waheshimiwa, msiutazame kutoka garini. Umechongwa samaki, umechongwa mayungiyungi, na pembeni unapanda mnyororo wa nanga, pingili kwa pingili, fundi amezichonga kana kwamba anazihesabu. Nimewahi kupitisha kidole juu ya pingili zile nikiwa na watoto wa darasa la sita, na kila mtoto akataka apitishe chake.

Wageni wanasimamishwa mbele ya mlango huo dakika moja. Nimesimama nyuma yao mara nyingi nikasikiliza. Wanaambiwa mnyororo ni alama ya watumwa, wanapiga picha, wanapelekwa Mtini penye kivuli. Wazee wetu waliuelewa mnyororo wa mlangoni kuwa ni kinga ya nyumba, na huu wa Mizingani ni mnyororo wa nanga, wa watu wa bahari. Habari ya watumwa na forodha ya Unguja ipo, tena ni nzito kuliko wanavyoelezwa wageni, lakini haikuandikwa kwenye nakshi. Iliandikwa kwenye mikataba na hesabu za ushuru. Tunawasomesha watu uongo kwenye ubao wa mlango, na ukweli tumeuacha kwenye makaratasi.

2. Forodha mbili zimegeuzwa moja, na ya kwanza imesahauliwa.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wa darasa la tano kwa nini Forodhani panaitwa Forodhani. Mikono ikanyanyuka. Mmoja akajibu: kwa sababu panauzwa pweza na maji ya miwa. Wenziwe wote wakakubali. Watoto hawa wamezaliwa hatua mia tatu kutoka pale.

Forodhani maana yake ni penye forodha. Mbele ya Ngome Kongwe, pale ambapo jioni huwashwa makaa ya mishikaki, ndipo zilipokuwa banda na ghala za ushuru za karne ya 19. Majahazi yaliingia na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakatia nanga hapo mbele, na mzigo ukashushwa hadi ufukweni. Baadaye shughuli za ushuru zilifika Mizingani, na katika miaka ya 1920 bandari ilipojengwa Malindi mizigo ikahamia huko. Pale mbele ya Ngome pakafanywa bustani, ikafunguliwa kwa sherehe za miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911. Bustani hiyo ndiyo iliyotengenezwa upya mwaka 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, na kazi ile ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo jengo la Mizingani ndilo lililobaki na jina la forodha likiwa limesimama kwa mawe na chokaa. Kila kitu kingine cha forodha hapo mbele ya mji kimebaki jina tu. Hii ndiyo sababu nalishikilia.

3. Waliotoza, waliobeba na waliotozwa hawatajwi.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na hapa nitawaomba uvumilivu kidogo.

Serikali ya Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, haikukusanya ushuru kwa mikono yake. Ilikodisha forodha. Mtu mmoja alilipa fedha iliyokubaliwa kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru, na kilichozidi kikawa chake. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Jairam Shivji, Baniani wa ukoo wa wafanyabiashara kutoka Mundra, Kutch. Mkataba wa Septemba 1833 na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na meli za kutoka Salem, bandari ya Marekani, zikaleta kitambaa cha pamba ambacho hata leo mama zetu wanakiita merikani. Lakini nahodha wa Salem alijua kwamba bila ya Jairam mzigo wake hausogei, kwa sababu wachukuzi na mashua vilikuwa chini ya mkono wake. Mkataba wa 1839 na Uingereza nao ukawazuia Waingereza wasinunue pembe za ndovu na sandarusi, utomvu wa miti, katika ufuo wa Mrima, yaani pwani ya bara, kutoka Tangata hadi Kilwa. Mali hiyo ilipaswa kupita kwa watu wa Seyyid, na kupita kwa watu wa Seyyid ilikuwa ni kupita forodhani.

Jairam alipoondoka kwenda kwao, shughuli zikashikwa na Ladha Damji. Ndiye ambaye wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walimtegemea mwaka 1857 kuwatayarishia msafara wa bara. Fedha ya kukodi forodha ikawa inapanda, hadi kufika dola 310,000 katikati ya miaka ya 1860. Mwaka 1876 Sultani Seyyid Barghash akampa forodha Taria Topan, tajiri wa Kihindi. Na huyu alama yake bado mnayo: lile jengo la zahanati ya zamani lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, hatua chache kutoka Forodha Kongwe, ni yeye aliyeliwekea jiwe la msingi mwaka 1887. Alifariki 1891, jengo likamalizika 1894. Watu wanalipenda, wanapiga picha za harusi mbele yake. Ni wangapi wanaojua kwamba aliyelianzisha aliwahi kuishika forodha ya Unguja?

Hao ni waliotoza. Sasa waliobeba.

Babu yangu mzaa baba alikuja na jahazi kutoka Shihr, bandari ya Yemen, kijana asiyekuwa na kitu ila kikoi na nguvu zake. Akawa hamali, kama Washihiri wengi wa zama zake. Walibeba magunia ya karafuu kwa mzega, wawili wawili, gogo begani na mzigo katikati, wakiitikiana ili hatua zao ziende pamoja. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimkanda bega la kulia. Palikuwa na nundu ngumu kama kisigino, haina nywele, na ngozi yake inang'aa. Alikuwa akiniambia: "Hii ni frasila zote nilizobeba, zimekaa hapa hazitaki kushuka." Kabla ya Washihiri, kazi hiyo ilifanywa sana na watumwa waliotolewa na mabwana zao kufanya kibarua mjini, wakirudi jioni na ujira ambao sehemu yake haikuwa yao.

Na waliotozwa. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Unguja, lakini mama yake aliletwa kutoka Kilwa akiwa msichana mdogo, miaka michache kabla ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa. Bibi alitusimulia alivyosimuliwa: walishushwa, wakasimamishwa mstari, mtu akapita akiwahesabu huku mwengine akiandika. Mtoto yule alidhani wanaandikwa majina. Hawakuandikwa majina. Ilikuwa ni hesabu ya ushuru, kwa maana kila kichwa kilichoingia kilitozwa, sawa na pembe, sawa na sandarusi. Ukoo wetu una bega la hamali upande mmoja, na upande wa pili una kichwa kilicholipiwa kodi. Vyote viwili vilipita forodhani. Nawaomba muelewe kwamba nikisema historia ya forodha haielezwi, nawasemea watu wangu ambao kuandikwa kwao pekee kulikuwa kwenye safu ya hesabu.

4. Siku ya tarehe 27 Agosti 1896 imeachiwa Waingereza waieleze.

Dunia nzima inavijua vita vile kwa ufupi wake. Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia Kasri, Waingereza wakampa muda, na tarehe 27 saa 3 asubuhi manowari zao zikaanza kupiga. Dakika 45 hazikutimia. Watu wapatao 500 waliokuwa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, ilivunjika, haikujengwa tena.

Siku ile ile, moshi bado uko juu ya mji, Hamoud bin Mohammed, mjukuu wa Seyyid Said, akatangazwa kuwa Sultani. Alitangazwa wapi? Katika jengo hili la forodha. Miezi minane haikutimia, Aprili 1897, Hamoud huyo akatia saini amri ya kuuondolea utumwa hadhi ya kisheria Unguja na Pemba. Masuria waliachwa nje ya amri ile, wakangoja mpaka 1909.

Hebu yawekeni pamoja haya. Sultani anatawazwa katika nyumba ya ushuru, katika nchi ambayo ushuru wake uliwahi kulipwa kwa vichwa vya watu, na ndiye anayetia saini hiyo amri. Mwalimu yeyote anayeijua kazi yake angeweza kusomesha wiki nzima mbele ya mlango ule. Nimeomba mara mbili ruhusa ya kuwaleta wanafunzi ndani, nikajibiwa kwa mdomo kwamba niandike. Nikaandika. Barua ya pili kati ya zile tatu inahusu hilo tu.

5. Mawe yenyewe.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba na virefu: boriti ina urefu wake, haikubali kuvutwa. Ukuta wa namna hii unavuta maji na kuyatoa. Unapumua. Ukiupaka saruji unauziba pua, chumvi ya bahari inabaki ndani, na siku moja plasta inabanduka na jiwe linatoka unga. Kila fundi mzee wa chokaa anayajua haya bila ya kufungua kitabu, na mafundi hao wanapungua kila mwaka.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Jengo la 1883, fahari ya mji, na lilikuwa katika matengenezo. Nyumba yangu haiko mbali. Niliona vumbi jeupe limetanda juu ya bahari, na watu wa Malindi tukakimbilia kule tukiwa hatujui tunakwenda kufanya nini. Tangu siku ile kila jengo la ufukweni nalitazama kwa jicho jengine. Forodha Kongwe ilifanyiwa ukarabati mwaka 1995 kwa fedha za UNESCO. Hiyo ni miaka 30 ya upepo wa chumvi. Mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na sifa hiyo ina wajibu wake. Sisi majirani hatujawahi kuitwa tukaoneshwa ripoti ya ukaguzi wa ukuta wala wa paa. Nimeiomba katika barua ya tatu.

6. Wakaazi wanasikia habari ya majengo yao kwa uvumi.

Hili ni fupi. Kwa miaka mingi tangu 2002 ndani ya jengo hili kulikuwa na chuo cha muziki wa nchi za jahazi. Vijana wamejifunza humo udi, ganuni, fidla, ngoma na kidumbak, na ukipita njiani jioni ulikuwa ukisikia mtu mmoja anarudia kipande kimoja cha taarab mpaka akipate. Sijapata kuona matumizi ya jengo kongwe yaliyo mazuri kuliko hayo. Nyumba iliyokuwa ikihesabu ikawa inaimba. Kwa hiyo nikisikia barazani, leo huyu anasema litafanywa hoteli, kesho yule anasema litakodishwa, moyo unanienda mbio. Uvumi siuleti hapa kama ukweli. Naulalamikia kwa sababu unazaliwa pale ambapo mwenye habari amenyamaza.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema fedha hakuna. Nakubali kwamba kutengeneza paa ni fedha nyingi. Lakini kuandika historia yote kwenye ubao mmoja mzuri, kwa Kiswahili kwanza kisha lugha nyengine, si jambo la mamilioni. Ukuta wa bahari wa Mizingani ulipata fedha, tena nyingi, na umeuokoa ufukwe. Ubao hautashindikana.

Mtasema habari za utumwa zinatonesha vidonda, kuna koo hapa mjini zitaona vibaya. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, maana mimi mwenyewe ni Mshihiri kwa baba na nina damu ya Kilwa kwa mama; nikitaka kumlaumu mtu nianzie chumbani kwangu. Kinachoumiza watu ni nusu ya habari. Pale Mkunazini, penye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa, habari ile inaelezwa kila siku na Waunguja hawajapigana. Bali inaelezwa kana kwamba iliishia pale sokoni. Soko lilikuwa mwisho wa njia. Mwanzo wake mjini ulikuwa ufukweni, kwenye hesabu.

Mtasema hilo ni la taasisi nyengine. Hapa ndipo barua zangu tatu zilipopotelea, kati ya ofisi na ofisi, kila moja ikinielekeza kwa mwenzake. Ndiyo maana barua hii nimeiandikia ninyi nyote kwa pamoja, bila ya kutaja ofisi. Anayejua kwamba dhamana ni yake ataijua.

Na mtasema wataalamu wanalishughulikia. Nitafurahi sana kama ni hivyo. Basi watajeni, waje barazani Malindi baada ya sala ya laasiri, tuwape kahawa na kashata watueleze. Wazee wa hapa wana mengi ya kuwapa, na hawatangoja milele.

Ninachoomba

a) Iandikwe historia kamili ya Forodha Kongwe na forodha iliyokuwa mbele ya Ngome, na iwekwe mlangoni mahali pa kusomeka. Itaje waliokodi forodha, itaje wahamali, itaje ushuru wa watumwa bila ya kuuzungusha, na itaje siku ya tarehe 27 Agosti 1896. Nyaraka zipo Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, na watumishi wa pale siku zote wamenisaidia kwa moyo mweupe.

b) Waongoza watalii wapewe mafunzo juu ya jengo hili na milango ya mji. Niko tayari kusomesha bila ya malipo, asubuhi au jioni.

c) Ripoti ya ukaguzi wa jengo itolewe kwa wakaazi, na kama ukaguzi haujafanyika, ufanywe kabla ya mvua za masika zijazo. Matengenezo yatumie chokaa, na vijana wawekwe chini ya mafundi wazee wajifunze.

d) Pasiwe na uamuzi wowote wa kulikodisha au kulibadilisha matumizi kabla ya mkutano wa hadhara na wakaazi wa Malindi, Shangani na mitaa jirani, kupitia kwa Masheha wetu.

e) Skuli za Unguja na Pemba ziruhusiwe kuleta wanafunzi ndani angalau siku moja kwa mwezi.

Kati ya yote hayo, ikiwa mtaniambia nichague moja tu, nachagua la kwanza. Na ndani ya la kwanza nachagua sentensi moja, ile ya waliotozwa. Bibi yangu hakujua tarehe aliyoletwa mama yake, wala jina la jahazi, wala aliyeandika ile hesabu. Alijua tu kwamba mama yake alisimamishwa akahesabiwa. Nataka mtu apite pale asome kwamba jambo hilo lilitokea katika mji huu.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nitakuja ofisini kwa mara ya nane, saa 3 asubuhi, nikiwa na nakala za barua zote nne na muhuri wa kila moja. Nitakaa kwenye kiti kile kile cha mapokezi. Namuomba kijana yule, kama yupo, anipe nusu saa ya muda wake wa chai, nimjibu swali lake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mkaazi wa Malindi, Mji Mkongwe.

Nakala:
Masheha wa Malindi na Shangani
Walimu wa historia, Unguja na Pemba
Wazee wa baraza